Nimonia ilikuwa kifuani, mbona akili ya mama ilivurugika?

"Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 74, anaishi Rungwe, mimi nipo Uyole. Mwezi wa sita alianza kukohoa kidogo, homa haikuwa kali, lakini usiku wa pili akaanza kuongea na marehemu baba. Akamwita mjukuu wake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, na mara mbili tulimkuta anafungua mlango usiku wa manane, anasema anakwenda kuchuma chai. Hospitali walipima malaria, hakuna. Wakakuta nimonia na oksijeni iko chini. Akawekewa oksijeni na dawa za mshipa, baada ya siku tano akaruhusiwa. Sasa ni mwezi wa nane. Haongei tena na marehemu, lakini amekuwa mpole kupita kiasi, anasahau, anasinzia mchana. Kaka anasema amerogwa. Majirani wanasema malaria ilipanda kichwani na kipimo hakikuiona. Binti wa jirani anayeuza virutubisho ametuonyesha video inayosema kinga ya mwili ikichochewa, kuna seli za kinga ndani ya ubongo zinaanza kuula ubongo wenyewe, na anatuuzia vidonge vya kuongeza kinga. Je, ni kweli? Ugonjwa wa kifua unafikaje kichwani? Na kuna dawa ya kuzituliza hizo seli?"

Marahaba. Pole sana kwa kuuguza, na mlifanya vyema kumwahisha hospitali. Nimonia iliyoshusha oksijeni kwa mzee wa miaka 74 haina subira.

Nikilisoma swali lako, naona hofu yako si nimonia tena. Unaogopa kwamba kuna kitu kimeanza kichwani kwa mama na kinaendelea kimyakimya, na kila aliye karibu nawe ana jina lake la kukiita. Jina tunalolitumia hospitalini ni deliriamu. Ni mvurugiko wa akili unaokuja kwa saa au siku chache, kisha unapanda na kushuka: asubuhi mgonjwa anakujua vizuri, jioni anakuuliza wewe ni nani, na usiku ndio mbaya zaidi. Kwa kijana, nimonia hujitangaza kwa homa, kikohozi na kichomi. Kwa mzee, mara nyingi homa haipandi sana, kikohozi ni hafifu, na dalili ya kwanza kuonekana ni kuongea yasiyoeleweka. Maambukizi ya njia ya mkojo hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mama hakuwa na magonjwa mawili, mmoja wa kifua na mwingine wa akili. Alikuwa na ugonjwa mmoja uliogusa mapafu na ubongo kwa pamoja.

Majirani hawajakosea kabisa, maana malaria huvuruga akili kweli. Ila ikifikia hapo, kwa kawaida vimelea wamejaa kwenye damu kiasi kwamba kipimo hakipati shida kuwaona. Tena Rungwe ya juu, kwenye baridi, malaria si nyingi kama ilivyo Kyela kule ufukweni mwa ziwa au kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu. Kama mama angekuwa ametoka kumtembelea ndugu Kyela wiki mbili kabla ya kuugua, ningetaka kipimo kirudiwe. Kama hakutoka nyumbani, nawaamini waliompima.

Kaka yako naye usimcheke. Alichokiona ni kweli: mtu mzima mwenye akili zake kubadilika ghafla, usiku, na kuongea na waliotangulia. Ughafla huo na usiku huo ndizo alama zenyewe za deliriamu, na kuona watu wasiokuwepo ni sehemu yake ya kawaida. Maombi hayamdhuru mama. Ninachokataa ni kumnywesha dawa kwa nguvu mtu anayesinzia. Inateleza kwenye njia ya hewa na kumrudishia nimonia.

Sasa tuje kwenye kifua na kichwa.

Bakteria wakiingia kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, seli za kinga zilizopo hapo huwatambua kwa maganda yao, kisha huanza kutoa protini ndogo za kupashana habari. Protini hizo huitwa saitokini. Ziko nyingi, zinazotuhusu hapa ni interlukini-1, interlukini-6 na TNF. Huita seli nyingine za kinga, huliamuru ini litengeneze protini za kusaidia mapambano, na huujulisha ubongo kwamba mwili unaumwa. Hili la mwisho wengi hawalijui. Homa haipandishwi na bakteria moja kwa moja. Ubongo ndio unaopandisha joto baada ya kupata taarifa. Kukosa hamu ya kula, kutaka kulala tu na kutotaka mazungumzo na mtu pia ni amri za ubongo, ili mwili utunze nguvu. Aliyewahi kuugua mafua makali anaijua hali hiyo, na hakuna anayeiita wazimu.

Taarifa husafiri kwa njia zaidi ya moja. Ya haraka ni neva ya vagasi, mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka chini ya ubongo kupitia shingoni hadi kifuani na tumboni. Huhisi saitokini kule chini na kupeleka habari juu mara moja. Miaka ya 1990 watafiti waliukata mshipa huo kwa panya, kisha wakawachoma tumboni vitu vya kuamsha kinga. Panya hao walizubaa kidogo kuliko wenzao ambao mshipa wao ulikuwa mzima.

Njia nyingine ni damu. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimebana kuliko za viungo vingine, ndiyo maana utasikia ikisemwa kwamba ubongo umetengwa kabisa na kinga ya mwili. Haujatengwa hivyo. Kuna sehemu ndogondogo, mojawapo ikiwa karibu na kituo kinachopima joto la mwili, ambako ukuta huo haujabana, na ubongo huonja damu moja kwa moja. Kiasi kidogo cha saitokini huvushwa na vibebeo maalumu vilivyo ukutani. Na seli za ukuta wenyewe zina vipokezi: interlukini-1 ikizigusa upande wa damu, nazo hutengeneza prostaglandini kwa upande wa ubongo, na hiyo ndiyo inayopandisha homa. Parasetamoli hushusha homa kwa kuzuia utengenezaji huo. Katika yote haya bakteria wa mama waliweza kubaki kifuani kwake muda wote bila hata mmoja kufika kichwani.

Zinazopokea taarifa ndani ya ubongo ni seli zinazoitwa mikroglia. Hizo ndizo video yenu ilizokuwa inazisema. Mhispania Pío del Río Hortega alizielezea mwaka 1919, na leo tunakadiria kwamba kati ya seli 10 za ubongo, moja hivi ni mikroglia. Seli nyingi za kinga huzaliwa kwenye uboho wa mifupa na kuzunguka na damu. Mikroglia sivyo: huingia kichwani mimba ikiwa bado changa sana, na hubaki humo zikijizalisha zenyewe. Kwa muda mrefu zilidhaniwa zimelala mpaka ubongo uumie. Mwaka 2005 watafiti walizitazama kwa hadubini ndani ya ubongo wa panya walio hai, wakakuta matawi yake membamba hayatulii, yanapapasa kila upande na kuukagua ubongo wote katika muda wa saa chache. Siku za kawaida husafisha mabaki na kupunguza viungio vya neva visivyotumika. Ni kazi njema, na bila hiyo ubongo wa mtoto haukui sawasawa.

Saitokini zikizifikia, mikroglia hubadilika. Hukunja matawi, hunenepa, na zaidi ya yote huanza kutengeneza saitokini zake zenyewe, interlukini-1 na TNF zilezile, safari hii zikiwa katikati ya neva. Hapo ndipo akili inapovurugika. Interlukini-1 ikizidi kwenye hipokampasi, sehemu inayoweka kumbukumbu mpya, viungio vya neva vinashindwa kuimarika na kumbukumbu hazishiki. Usingizi unageuka, mchana unakuwa usiku. Umakini unapotea, mtu hawezi kufuata sentensi mpaka mwisho. Kwa mama kulikuwa pia na oksijeni ndogo, ambayo hata peke yake inatosha kumchanganya mtu. Maambukizi yakiisha, saitokini za kutuliza kama interlukini-10 na TGF-beta huzirudisha mikroglia kwenye utulivu wake. Kwa mtu wa miaka 30 yote haya huisha pamoja na homa, na hata hakumbuki kwamba yalitokea.

Mbona basi kwa mama yakawa makubwa hivi? Kwa sababu ya umri. Kwa kijana, neva zenyewe huzipelekea mikroglia ishara za kuziambia zitulie, na baadhi ya ishara hizo hupungua mtu anapozeeka. Mikroglia za mzee huwa kama makaa yaliyofunikwa na majivu jikoni asubuhi: ukitazama hakuna moto, ukipuliza kidogo yanawaka. Ukichukua panya wachanga kiumri na panya wazee, ukawachoma wote kiasi kilekile cha ganda la bakteria lisilo na kiumbe hai ndani yake, wote watazubaa. Lakini wachanga huchangamka mapema, huku wazee wakiendelea kuzubaa, na ndani ya ubongo wao hukutwa interlukini-1 nyingi zaidi. Hali huwa kali zaidi kama ubongo ulikuwa umeanza kuugua kabla, kwa mfano kwa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau unaozidi taratibu, ambao haujajitokeza wazi. Ndiyo maana nitakuuliza swali moja ambalo naomba ulifikirie na ndugu zako bila kuoneana haya: kabla ya mwezi wa sita, mama alikuwaje? Alikuwa anahesabu fedha zake za chai mwenyewe? Alikuwa anarudia swali lilelile? Aliwahi kuunguza sufuria kwa kusahau? Jibu lenu litanisaidia kuliko picha nyingi za kichwa.

Je, seli hizi zinaula ubongo? Video imechukua jambo lenye chembe ya ukweli ikalitia chumvi. Mikroglia humeza viungio vya neva, na katika tafiti za panya wenye ugonjwa unaofanana na Alzheimer huonekana kumeza vingi mno na mapema mno. Lakini mwaka 2013 iligunduliwa kwamba watu waliozaliwa na hitilafu fulani kwenye jeni iitwayo TREM2, hitilafu inayozidhoofisha mikroglia, wanapata Alzheimer zaidi ya wengine. Kwa maneno mengine, mikroglia dhaifu nazo ni hatari. Tunazihitaji. Shida inakuja zinapochochewa kupita kiasi au zinapochelewa kurudi kwenye utulivu.

Nami hapa nimuulize binti wa jirani, kwa upole: kama maelezo yako ni kwamba kinga iliyochochewa ndiyo iliyomdhuru mama, vidonge vya kuichochea zaidi vinatibu nini? Fedha hiyo nunueni maziwa na mayai.

Kuhusu dawa ya kuzituliza, nakujibu bila kukuficha: mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kutibu deliriamu kwa kuzituliza mikroglia. Si kwamba haijatafutwa. Naproxen na celecoxib, dawa za maumivu zinazopunguza prostaglandini, zilijaribiwa kwa wazee ili kuzuia Alzheimer, hazikuzuia. Minocycline, antibiotiki ambayo kwenye maabara huzituliza mikroglia, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa wenye Alzheimer isiyo kali, na haikupunguza kasi ya ugonjwa. Ninalosisitiza zaidi ni deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza kinga, maana najua jinsi inavyopatikana kirahisi kwenye maduka ya dawa. Kuna magonjwa ya ubongo ambayo daktari huitumia na inaokoa maisha. Lakini mkimpa mama kwa kukisia, inapandisha sukari, inaficha homa ya maambukizi mapya, na yenyewe inaweza kumchanganya akili. Diklofenaki ya kila siku nayo kwa umri wake inaumiza figo na kutoboa tumbo. Kinachozituliza mikroglia kwa uhakika ni kuondoa chanzo cha saitokini, na hilo lilifanywa siku zile alipopewa antibiotiki na oksijeni.

Sasa nirudi kwa mama wa leo, anayesinzia mchana. Hapa sitaki tuseme tu "ni mabaki ya nimonia" halafu tukae. Deliriamu ya wazee huchukua wiki, wakati mwingine miezi, kuisha kabisa, na ile ya upole na kusinzia hukaa bila kutambuliwa kwa sababu haimsumbui mtu. Lakini umesema alikuwa anatoka nje usiku. Je, alianguka? Mlimwona akijigonga kichwa, hata kidogo tu, hata ukingoni mwa kitanda? Kwa mzee, mshipa mdogo wa damu juu ya ubongo huweza kuvujisha taratibu, na baada ya wiki kadhaa damu hiyo humkandamiza akawa mpole, mwenye kusinzia, mwenye kusahau, hasa hasa vile unavyoeleza. Hilo linaonekana kwa CT-scan na mara nyingi linatibika kwa upasuaji usio mkubwa. Kama alianguka, au kama kusinzia kunaongezeka badala ya kupungua, usisubiri ratiba yoyote. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya wiki hii.

Jambo la pili ni jiko la mkaa. Mwezi wa sita na wa saba kwetu huku ni baridi ya kukata mifupa, na najua wazee wengi wanalala na jiko chumbani, madirisha yamefungwa na nguo zimezibwa chini ya mlango. Kaboni monoksidi haina harufu. Humpa mtu kichwa kuuma, uzito, usahaulifu na mvurugiko unaofanana kabisa na huu, na mapafu yaliyotoka kuugua hayahitaji hewa hiyo. Mama apashe moto nje au jikoni penye uwazi, kisha alale na blanketi nzito na soksi.

La tatu ni dawa anazotumia. Angalia kama kuna mtu anampa Piriton ili apate usingizi, au promethazine, au diazepam, au amitriptyline. Piriton, promethazine na amitriptyline huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ya kumbukumbu ambayo wazee tayari wana upungufu nayo na ambayo inaonekana pia husaidia kuzituliza mikroglia. Hivyo mzee anaathirika mara mbili. Diazepam kama ameitumia kwa muda mrefu msiikate ghafla. Mwoneni daktari aipunguze.

Hospitalini waombe wampime upya: mapafu na oksijeni, mkojo, sukari, shinikizo la damu, wingi wa damu, figo, tezi ya shingo kama kipimo kipo, kaswende, na VVU. Usishtuke kwa hicho cha mwisho. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya imekuwa juu nchini kwa maambukizi, wazee wamo, na VVU ni mojawapo ya vitu vinavyoingia ndani ya mikroglia zenyewe na kukaa humo. Ikiwa ipo, dawa zake zipo. Kuwa na miaka 74 kunamstahilisha huduma ya wazee, kwa hiyo ulizia dirisha lao mara mnapofika.

Nyumbani, mambo yanayosaidia ni ya kawaida, nayo yanafanya kazi kuliko vidonge. Anywe maji na uji mara kwa mara hata kama haombi. Wazee hawasikii kiu vizuri. Mchana afunguliwe mapazia, aamshwe, atembee uani akishikwa mkono, amenye maharage na wenzake. Usiku pawe kimya, na taa ndogo iwepo. Miwani yake ipatikane. Kama ana mtoto wa jicho, mambo mengi anayoyaona vibaya yanaanzia hapo, na upasuaji wake upo. Ongeeni naye Kinyakyusa. Mzee aliyechanganyikiwa hurudi kwenye lugha ya utotoni, na nimeona wazee wakiandikwa "haeleweki" na muuguzi aliyewauliza kwa Kiswahili tu, kumbe kwa lugha yao wanajibu vizuri. Usibishane naye akikosea, mrekebishe polepole. Asifungwe kamba wala kufungiwa ndani. Akitaka kutoka usiku, mtu alale karibu na mlango.

Atarudi alivyokuwa? Wengi hurudi, hasa wale waliokuwa wazima kabisa kabla. Wengine hubaki wamepungua kidogo, na tunajua kwamba mzee aliyewahi kupata deliriamu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ugonjwa wa kusahau baadaye. Huenda kwa wengine ulikuwa umeshaanza, na nimonia ikauweka wazi. Kwa hiyo kama hajaanguka, vipimo viko sawa, na bado anasahau ikifika mwishoni mwa mwezi wa tisa, omba rufaa akafanyiwe tathmini ya kumbukumbu iliyo kamili. Akifanyiwa mapema zaidi ya hapo, tutapima mabaki ya deliriamu na kumpa jina la ugonjwa asiokuwa nao.

Kabla ya hapo, kuna mambo ambayo hayangoji tathmini: akipata homa tena au akihema haraka, shingo ikikakamaa, akipata degedege, mdomo ukienda upande au mkono mmoja ukilegea, asipoamka anapoitwa, au akirudia kuchanganyikiwa ghafla kama mwezi wa sita. Hayo ni ya usiku huohuo, kwa usafiri wowote utakaopatikana.

Mtakapokwenda, beba karatasi ya kuruhusiwa, na pakiti za kila anachomeza, vikiwemo vidonge vya binti wa jirani kama mlishaanza kumpa. Aende mtu anayeishi naye Rungwe, kwa sababu wewe wa Uyole unajua ulichoambiwa kwa simu, na daktari atauliza kuhusu usiku.